Je, wajua kwa nini reli ya gatini ya mezani hufupishwa makusudi?

Ukikuta reli ndogo ya mfano ya gatini, pointi mbili tu (sehemu za reli zinazogeuzwa ili treni ibadili njia) na njia tatu zinazoishia kwenye ukuta wa ghala, ni rahisi kudhani fundi aliishiwa ubao. Haina mzunguko. Kichwa cha treni huenda mbele hatua chache, kikarudi. Ajabu zaidi ni njia moja inayotoka kwenye pointi kuelekea upande wa pili, ambayo hapa tutaiita shingo: imekatwa mapema mno, kiasi kwamba kichwa kikivuta mabehewa manne, la nne linabaki limeketi juu ya pointi na njia haiwezi kugeuzwa. Karibu kila anayeiona mara ya kwanza huona kosa, na hupendekeza dawa ileile: irefushwe.

Lakini reli hii ni mchezo wa kupanga mabehewa, na ukiirefusha shingo, mchezo umekufa. Ufupi huo umepimwa.

Mpango maarufu zaidi wa aina hii unaitwa Inglenook Sidings, na uliasisiwa na Mwingereza Alan Wright. Njia ya kwanza inabeba mabehewa 5, ya pili 3, ya tatu 3. Shingo inabeba kichwa na mabehewa 3. Mabehewa yote ni 8. Unapiga kura kuchagua matano, kisha unayapanga kwenye njia ndefu kwa mfuatano uleule yalivyotoka kwenye kura, bila kuyainua kwa mkono. Basi.

Fikiria sahani zilizorundikwa katika marundo matatu. Sahani ya chini huipati mpaka utoe za juu yake, na njia inayoishia kwenye kizuizi ni rundo lililolazwa: behewa lililoingia mwisho ndilo hutoka kwanza. Sasa fikiria mkono wako unashika sahani tatu tu kwa safari moja. Mkono huo ndio shingo. Sahani unayoitaka ikiwa ya nne kutoka juu, lazima kwanza utafute pa kuziweka tatu zilizoifunika, na popote utakapoziweka utakuwa umefunika nyingine ambayo huenda ukaihitaji baadaye. Mfano huu unapungua mahali pamoja: sahani mtu mjanja anaweza kuichomoa katikati ya rundo, behewa haliwezekani.

Mkono ungeshika sahani zote nane, ungezibeba zote na kuishusha kila moja kwenye rundo unalotaka, kuanzia ile ya mwisho. Ndivyo inavyokuwa shingo ikirefushwa: kichwa kinatoka na mabehewa yote, kisha kinayasukuma na kuyaacha hapa moja, pale moja. Hakuna tena la kufikiria ila kukumbuka zamu. Reli iliyoongezwa imeongeza nafasi, na nafasi ndiyo iliyokuwa adui anayefanya mchezo uwepo.

Kosa la pili ni ndugu wa hilo la kwanza: kuongeza mabehewa ili kuongeza ugumu. Njia tatu zina nafasi 5 + 3 + 3, yaani 11. Ukiweka mabehewa 11, kichwa kitavuta matatu kutoka njia yoyote, kitakuta njia nyingine mbili zimejaa, na kitayarudisha kilikoyatoa. Mchezo umeganda. Mabehewa 8 huacha nafasi 3 tupu, sawa na uwezo wa shingo, na hicho kiasi kidogo cha hewa kinatosha kufikia kila mpangilio.

Mipangilio yenyewe ni mingapi? Jibu linalotolewa kwa haraka ni 40,320, idadi ya njia za kupanga vitu vinane. Lakini yale matatu yasiyochaguliwa hakuna anayejali yamekaa vipi. Hesabu sahihi ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4, yaani 6,720. Ukijali ni mabehewa gani matano tu, bila mfuatano, inashuka hadi 56, nayo inamfaa mtoto au jioni ya uchovu.

Na gati? Wright hakuchukua wazo bandarini. Alitazama njia za Kilham, kwenye tawi la reli la Alnwick hadi Cornhill kaskazini mwa Uingereza, mashambani. Gati liliingizwa kwa sababu linafaa mno: reli imebanwa kati ya maji na maghala, kona ni kali, vichwa ni vidogo vya magurudumu manne, na ukuta wa ghala unaeleza bila maneno kwa nini njia inaishia pale. Lakini tusizidishe ulinganisho: bandarini mfuatano ulikuwa na maana pale behewa fulani lilipotakiwa kwenye mlango fulani. Kura ni ya mezani.

Ukijenga kwa kipimo cha OO, yaani 1:76 na reli za upana wa milimita 16.5, behewa fupi la magurudumu manne huchukua kama sentimita 8 pamoja na ndoano zake, na kichwa kidogo kama 12. Shingo basi ni 12 + 24 = 36. Pointi mbili za sentimita 18.5 ni 37. Njia ndefu ni 40. Jumla ni 113, na hapo ndipo wengi hukata ubao na kujuta. Mara baada ya pointi njia mbili bado ziko karibu, na behewa lililosimama hapo litakwaruzwa na la jirani. Anza kuhesabu urefu wa njia pale ambapo mabehewa mawili yanapishana bila kugusana. Ubao wa sentimita 130 kwa 30 unatosha.

Kizuizi cha shingo usikigundishe mapema. Sukuma kichwa na mabehewa matatu yaliyounganishwa mpaka gurudumu la mwisho liache ulimi wa pointi, yaani kipande cha reli kinachosogea, geuza pointi uone inapita huru, ongeza milimita chache, ndipo ugundishe. Kupima mwili wa behewa kwa rula bila ndoano hukuibia urefu kwenye mabehewa matatu.

Kichwa kikizimika katikati ya pointi, mara nyingi tatizo ni ile V reli mbili zinapokutana: ikiwa ya plastiki, kichwa cha magurudumu manne kinakosa umeme hapo. Tumia pointi yenye V ya chuma na swichi inayobadili umeme wake njia inapogeuzwa. Sakafu ya gati kati ya reli iwe chini ya uso wa reli kwa nusu milimita. Ikipanda juu yake, magurudumu huinuka na kitambaa cha kusafishia hakifiki kwenye chuma.

Na ukinunua kichwa kipya kirefu zaidi kwa sentimita 2, shingo ya mabehewa matatu imekuwa ya mawili.