Si marufuku tu iliyozimaliza filamu za bomba

Wengi huamini kwamba filamu za watu wazima za Ufilipino, zilizoitwa "bomba", zilipotea kwa sababu Rais Ferdinand Marcos alizipiga marufuku. Si kweli. Sheria ya kijeshi ya 1972 ilizibana, lakini miaka ya 1980 jumba la serikali yenyewe, Manila Film Center, lilionyesha filamu za aina hiyo bila kukatwa, ili kupata mapato.

Adui mkubwa ni joto na unyevunyevu. Mkanda wa asetati, yaani plastiki iliyobeba picha za filamu hizo, huoza: hunuka siki, hujikunja, husinyaa hadi mashine haiupokei tena. Na filamu inayodharauliwa kama uchafu nani ataitafutia chumba cha baridi? Inauma, kwa kuwa mitaa na mavazi ya Manila ya enzi hizo yamo humo. Nayo hifadhi ya sasa ya taifa ya filamu nchini humo ilichelewa: ilianzishwa 2011.