Kigugumizi cha Mtoto Mdogo: Weka Wembe Chini

Msimu wa karafuu hapa Pemba mama huingia shamba mapema, mtoto akabaki kwa bibi au shangazi. Zaidi ya mara moja nimeletewa kituoni mtoto wa miaka mitatu, mdomo umejaa damu, na aliyemleta ananiambia, "Alikuwa na kigugumizi, tukaona tumkate." Wengine hukatwa udata, ule utando ulio chini ya ulimi. Wengine hukatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa na wazazi siku za kliniki, na majibu kama ninavyowapa.

Kigugumizi ni nini hasa?

Ni maneno kukatikakatika ilhali mtoto anajua vizuri anachotaka kusema. Ama anarudia sauti, "n-n-n-nataka". Ama anaivuta, "mmmmama". Ama anakwama kabisa, mdomo uko wazi na sauti haitoki. Kitembe ni kitu kingine: huyo anasema "thamaki" badala ya "samaki". Na mtoto aliyechelewa kusema ni habari nyingine pia.

Wangu ana miaka miwili na nusu. Juzi alikuwa akisema kama kasuku, leo anakwama. Amepatwa na jicho?

Hapana, mama. Huo ndio umri wake. Kigugumizi huanza baina ya miaka 2 na 5, kwa wengi kabla hawajatimiza 4, na kinaweza kuzuka ndani ya siku chache tu. Wakati huo mtoto anaokota maneno mapya kila siku na anataka kuyaunga yawe sentensi ndefu. Kiasi cha watoto 5 katika kila 100 hupitia hali hii.

Asili yake ni jinsi ubongo unavyopanga usemi, na mara nyingi kinakwenda na ukoo. Ulizia kwenu na kwa baba yake. Huenda ukaambiwa mjomba au ami naye alikuwa hivyo. Hakiletwi na jicho, wala uchawi, wala malezi yako mabaya. Wala hakiletwi na ulimi. Hili la ulimi nitalirudia mpaka lisikike.

Jirani yangu alimkata mwanawe na kigugumizi kikaisha. Utasemaje?

Nasema kingeisha hata asingekatwa. Katika watoto wanaopata kigugumizi wakiwa wadogo, takriban watatu katika kila wanne hupona, na wengi wao hawapewi dawa wala tiba yoyote. Sasa piga hesabu mwenyewe. Wapeleke watoto wanne kwa mkataji: watatu watapona, na sifa atachukua yeye. Wakalishe nyumbani haohao wanne: watatu watapona vilevile, na vinywa vyao vizima. Yule wa nne hazungumzwi barazani. Huyo ndiye ninayemuona mimi.

Tena mtoto mwenye kidonda mdomoni hasemi sana. Atakaa kimya siku kadhaa, na watu wa nyumbani watasema amepona. Hajapona. Anaumwa.

Chini ya ulimi pana mishipa ya damu, na mtoto mdogo hana damu ya kumwaga. Wembe uliopita kwa wengine unaweza kumwachia homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Kidonda kikiingia uchafu, anaweza kupata pepopunda. Kimeo kikikatwa na koo likavimba, njia ya pumzi inaziba. Yote hayo kwa ajili ya jambo ambalo wembe haulifikii! Kukata udata hakuondoi kigugumizi. Kukata kimeo hakuondoi kigugumizi.

Lakini mimi naona kabisa ulimi wake mzito, kama umefungwa.

Nenda kamsikilize chuoni, anakosoma Kurani. Mtoto huyuhuyu anayekwama nyumbani kwenye "n-n-naomba maji", mkalishe na wenzake wanaitikia pamoja alif, be, te, au wanasoma sura fupi kwa sauti moja. Mara nyingi utamkuta anakwenda nao bila kukwama. Akiimba nyimbo za kitoto, hakwami. Akizungumza na paka wake peke yake, hakwami. Ulimi ni uleule. Kama ungekuwa umefungwa, ungefungwa na huko chuoni.

Mzazi mmoja nilimwambia afanye hivyo kabla hajampeleka mwanawe kwa mkataji. Akenda, akasimama nje ya dirisha la chuo, akasikiliza. Alirudi kwangu siku ya pili na mtoto wake, kinywa kizima, na tukaanza kuzungumza yanayofaa.

Kwa hiyo udata haukatwi kamwe?

Upo udata wa kweli, yaani utando unaoubana ulimi usiende vizuri. Mtoto mchanga mwenye huo anaweza kushindwa kunyonya vizuri, na daktari akiona haja atauachanisha hospitali kwa vifaa safi. Hiyo ni kazi ya daktari, na ni kwa sababu ya kunyonya au mwendo wa ulimi. Si kwa kigugumizi.

Bibi yake ananiambia nimsomee dua ya Nabii Musa.

Msomee, na mfundishe mwenyewe aisome. Nabii Musa alimuomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na katika dua ile hamna wembe. Nasema hivi kwa heshima, kwa sababu kuna wanaoishika dua hiyo kama ushahidi kwamba kuna kamba ya kukatwa.

Sasa nisubiri tu, au nimlete?

Hapa ndipo wazazi wengi wanaponichosha, nisameheni. Nusu wanakata, nusu wanasema "ataacha mwenyewe" mpaka mtoto anafika skuli darasa la tatu, hanyanyui mkono, hasomi kwa sauti, na wenzake wamempa jina. Na aliyekatwa ndiye anayechelewa zaidi, maana kwa watu wake ameshatibiwa, hakuna tena sababu ya kumleta.

Kama ana miaka miwili au mitatu, anarudia neno zima au sauti bila kuhangaika, na yeye mwenyewe hajali, mwangalie kwa utulivu. Ikipita miezi 6 na bado, mlete. Usisubiri hiyo miezi 6 ikiwa anakunja uso, anapepesa macho au anapiga mguu chini ili neno litoke. Ikiwa anakwama bila sauti. Ikiwa ameanza kuacha maneno, au anakwambia "siwezi kusema", au anamwachia ndugu yake amsemee. Ikiwa kilianza baada ya miaka mitatu na nusu, au kwenu kuna mtu mzima ambaye hakikumtoka, mlete mapema pia. Watoto wa kiume huwa kinawang'ang'ania zaidi kuliko wa kike. Na kama humuelewi anachosema, au ukimwita hageuki, aanze kwa kupimwa masikio.

Kigugumizi kilichokuja baada ya kuanguka na kupiga kichwa, au baada ya degedege: hospitali siku hiyohiyo.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe barua ya rufaa kwa mtaalamu wa matamshi. Hawa ni wachache nchini, na huenda ukaelekezwa uvuke Unguja au Dar es Salaam. Najua nauli ya boti ilivyo. Hata hivyo uliza mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi mzazi hufundishwa aifanye mwenyewe nyumbani, na mtoto wa miaka minne anasaidika kwa wepesi kuliko wa kumi.

Nyumbani nifanye nini?

Punguza kasi yako wewe kwanza. Mtoto hawezi kutulia katika nyumba ambayo kila mtu anasema mbiombio na kukatiana maneno. Akikuita, inama umtazame usoni, usikilize anachosema, siyo namna anavyokisema. Akikwama, ngoja. Usimmalizie neno. Usimwambie "vuta pumzi", "sema taratibu", "anza tena". Unadhani unamsaidia, naye anachosikia ni kwamba amekosea. Kila siku mpe dakika tano za peke yake, hata ukiwa unakuna nazi, simu iwe mbali. Usimuulize maswali mfululizo, na wageni wakija usimsimamishe mbele yao asalimie na ataje jina lake.

Baba yake anamtisha kwa bakora ili aache.

Aache yeye bakora. Mtoto hafanyi kusudi. Ukimpiga, kigugumizi hakiondoki. Anachojifunza ni kukaa kimya, na huyo atazidi kuogopa kufungua mdomo. Mwambieni na mwalimu wa chuo, kwa adabu, asimchape kwa kukwama kwenye aya; amsomeshe pamoja na mwenzake, watakwenda vizuri.

Nimesoma haya nimechelewa. Wangu alikatwa jana kwa bibi yake.

Mtazame sasa hivi. Kama damu inatoka chini ya ulimi, kunja kitambaa safi, bana pale mahali, mkalishe ameinamia mbele asimeze damu, na muondoke kwenda hospitali mkiwa mmembana hivyo. Aliyekatwa kimeo usimtie kitambaa kooni. Mkalishe vivyo hivyo, muondoke. Usitie majivu, chokaa wala unga wa dawa yoyote. Mtoto anayemezameza kila mara, au anayetapika vitu vyeusi, damu inaingia ndani hata kama huioni mdomoni. Akiwa na homa, mate yanamtiririka, anapumua kwa tabu, au taya zimekaza, msingoje kuche. Homa au kukaza taya kunaweza kuja hata baada ya siku kadhaa, kwa hiyo endelea kumuangalia. Na hata akionekana hana neno, njoo naye na kadi yake ya kliniki, tuone chanjo ya pepopunda na tukisafishe kidonda. Bibi naye aje. Hatutamgombeza, nataka anisikie mwenyewe, kwa sababu ana wajukuu wengine.