Je, wajua kwa nini kampuni za simu zinawasha 5G wakati simu za wengi hazina hata hiyo 5G?

Panda daladala ya kwenda UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, utalisikia: simu yangu ni 4G, ya bimkubwa kule Bahi ni kiswaswadu, sasa hiyo 5G wanamuwashia nani? Swali la msingi sana hilo, maana kibiashara ukiangalia juu juu ni kama watu wanamwaga hela.

Kwenye simu kweli hailipi. Mtu mwenye buku ataunga bando la buku, iwe 4G iwe 5G, tofauti tu ni kwamba likiwa na kasi linaisha mapema halafu anaanza kulalamika ameibiwa MB. Huyo haongezi hata mia kisa kasi.

Faida ya kwanza ni kubeba data nyingi kwa gharama ndogo. Vodacom Tanzania waliwasha Septemba 2022, na Oktoba mwaka huo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikapiga mnada masafa, yaani mawimbi yanayobeba mtandao, yakiwemo ya 3500 MHz ambayo ndo ya 5G hasa. Sasa mkondo mmoja wa 4G, yaani njia inayopitisha data, upana wake mwisho ni 20 MHz, wa 5G kwenye masafa hayo unaenda mpaka 100, kwahiyo mnara uleule, uzio uleule, umeme uleule, unahudumia watu wengi zaidi. Na minara mingi wala sio ya kampuni za simu, ni ya watu kama Helios Towers wanaoikodisha kwa mitandao kadhaa kwa pamoja. Unafunga antena na redio mpya juu, kwa kuanzia unaegemea mitambo ya 4G uliyonayo, basi uko hewani.

Ila ukishakuwa na nafasi yote hiyo lazima uiuze, na hapo ndo kinaingia kiboksi cha wifi ya nyumbani. Dodoma inatanuka balaa, Nzuguni, Iyumbu, mpaka kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali, nyumba ziko mbalimbali, kuchimba mtaro wa faiba kwa kila nyumba ni hela ndefu. Boksi unachomeka tu kwenye umeme. Mteja analipa kwa mwezi, kwa kasi sio kwa GB, na hahamihami kama sisi wenye laini tatu tunaofukuzia ofa. Rain ya Afrika Kusini mwaka 2019 walianza 5G yao na intaneti ya nyumbani kabisa, na Jio wa India baada ya kuwasha 2022 wakaleta boksi lao mwaka uliofuata.

Tatizo masafa ya 3500 hayapendi kuta. Ndo maana pale stationery wanapochapa ripoti za wanafunzi unakuta boksi limening'inia dirishani limegeuzwa upande wa mnara, waya umepita juu ya mashine ya fotokopi, na ole wako uliguse. Kwahiyo kabla hujanunua, fundi aje apime kwanza palepale utakapoliweka, tena usome masharti, maana "bila kikomo" nyingine ukishavuka kiwango fulani kasi inashushwa.

Vijijini ndo hesabu inagoma kabisa. Huko mpaka UCSAF, ule mfuko wa mawasiliano kwa wote, uchangie, kama ilivyosainiwa hapahapa Dodoma Mei 2023 minara 758, na lengo ni watu wapate mtandao kwanza, mambo ya 5G baadaye.

Na cha kuchekesha, hela ya kulishia haya yote sehemu kubwa haitoki kwenye intaneti. Kwa Vodacom Tanzania, M-Pesa peke yake inaleta zaidi ya theluthi ya mapato ya huduma, na M-Pesa haihitaji kasi yoyote. Mzee wa mahindi pale Kibaigwa anabonyeza *150*00# kwenye kiswaswadu chake, anakatwa ada yake, na ada hiyo inaingia kwenye kapu lilelile linalonunua redio za 5G za kufunga mjini.