Kondoa si jangwa, na upepo haukuchimba makorongo

Nimesahihisha tena ripoti za fieldi za wanachuo wangu kutoka Kondoa, mkoani Dodoma, na nimekutana na sentensi ileile: "Makorongo ya Kondoa yamesababishwa na hali ya jangwa na upepo mkali." Ripoti imechapwa vizuri, ina picha za kuta nyekundu zilizosimama wima na wanachuo wamejipanga chini yake na kofia zao. Picha ndizo zinazowaponza. Ukuta mwekundu, mchanga mweupe miguuni, jua la saa nane: aliyekulia kwenye filamu za Marekani ana jibu kabla hajaulizwa swali.

La jangwa nalimaliza upesi. Kwa kipimo cha kawaida, jangwa hupata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Mji wa Dodoma, ambao ndugu zetu wa Dar hawachoki kuuita jangwa, hupata zaidi ya 500. Milima ya Irangi ya hapo Kondoa, kule Kolo na Haubi, imeinuka na ina misitu ya miombo. Nusu kame, sawa. Jangwa, hapana.

Upepo ndio unaonikera. Vumbi la Septemba kila mtu analiona, linaingia mpaka kwenye chakula, basi anayeliona anadhani ndilo lililofanya kazi yote. Kazi hufanywa na maji, na hufanywa wakati wanachuo hawapo, kwa sababu ratiba ya chuo hutuleta kiangazi. Mvua zetu huja kati ya Desemba na Aprili. Kabla ya hapo ardhi imekaa miezi kavu, nyasi zimeliwa au zimechomwa, mashamba yako wazi. Mvua za kwanza zinapopiga udongo ulio uchi, matone huusaga na kuuziba juu kwa gamba jembamba. Maji yanashindwa kuzama, yanateremka. Yakipata njia ya ng'ombe, yanaifuata.

Mahali maji hayo yanapoanguka kutoka kwenye ngazi ndogo ya ardhi, huchimba shimo chini ya anguko. Udongo wa juu unabaki ukining'inia bila mguu, kisha unaporomoka. Ngazi imesogea nyuma kidogo. Mvua ijayo hivyo hivyo. Korongo hukua kuelekea mlimani, kinyume na maji yanakokwenda, na hili wanafunzi wangu hawalikubali mpaka waone kichwa cha korongo, pale juu linapoanzia, kwa macho yao. Lakini nani atakwenda kichwani? Kichwani hakuna picha nzuri. Kuna kimwanya kisichofika kiunoni katikati ya shamba la mtama. Wote wako mdomoni, kwenye upana, wanapigana picha.

Kuta hubaki wima kwa sababu udongo ule uliletwa na maji kutoka juu mlimani, tabaka juu ya tabaka, na ukikauka hushikana sana. Penye magadi mengi ni hadithi nyingine: ukilowa huachana kama sukari kwenye chai, na maji hutoboa mahandaki chini kwa chini. Ndiyo maana nawakataza kukanyaga ukingo hata unapoonekana imara. Juu pazuri, chini pameshaliwa.

Na mto wa mchanga, ule ambao kiangazi hauonyeshi maji juu, si ushahidi wa ukame pia. Chimba kidogo, kama wafanyavyo wenyeji, upate maji. Huko Isimila karibu na Iringa nasikia hadithi hiyohiyo ya upepo kuhusu zile nguzo za udongo. Nazo ni kazi ya maji.

Mwanafunzi mwerevu akishaacha upepo, hukimbilia kulaumu mifugo. Hapa napunguza sauti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi. Kwa watu walioishi kwa ng'ombe, gharama ilikuwa nzito, na wazee wakiisimulia ni vyema kufunga daftari na kusikiliza tu.

Je, kurudi kwa nyasi kunathibitisha kwamba mifugo ndiyo iliyoanza uharibifu? Hakuthibitishi. Vipimo vinavyoonyesha lini chembe za mchanga ziliona jua kwa mara ya mwisho vimekuta mmomonyoko mkubwa kwenye milima hiyo zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kabla ya jembe na zizi. Kisha ukaja mwingine ndani ya miaka 1,000 hivi iliyopita. Huo wa pili unaendana na wakulima, wafugaji na wafua chuma waliokata miti kwa makaa, lakini tarehe pekee haziwezi kumtenga mtu na hali ya hewa iliyokuwa ikibadilika naye. Vitabu vya shule huandika "ufugaji uliopitiliza" na kuweka nukta. Mimi ningeweka mkato.

Safari ijayo tutaanzia juu, shambani kwa mwenye mtama, kwa ruhusa yake. Kila kundi litapigilia vigingi kwenye ukingo wa kichwa cha korongo na kupima umbali. Watakaokuja baada ya mvua watapima tena kuanzia vigingi hivyohivyo, vile vitakavyokuwa havijaanguka.