Je, wajua kwa nini programu huria nyingi zimejaa vitufe na setingi kila kona?

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuubadilisha. Ukifungua nyingi zao unakutana na menyu ndefu, vitufe vimebanana na setingi haziishi. Kwa nini? Miaka mingi jibu langu lilikuwa hakuna hela, hakuna madizaina, na waandika msimbo hawajali macho ya mtu. Nilikuwa nawaambia watu hivyo bila kusita, na nilikosea.

Angalia Blender, ya kutengeneza picha na filamu za 3D. Ile tabia yake iliyosumbua wageni, ya kuchagua kitu kwa kitufe cha kulia cha mausi, haikuletwa na watu wa kujitolea. Blender ilizaliwa ndani ya studio ya Uholanzi kwa ajili ya wasanii wa humo humo, ikawa huria mwaka 2002 baada ya watu kuchanga euro 100,000, na ni hao wa huria ndio walioihamishia kushoto kwenye toleo la 2.80 mwaka 2019. Na muundo umefikiriwa siku nyingi tu: mwaka 2001 kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems iliwakalisha watu mbele ya GNOME, programu huria inayoleta madirisha na menyu za kompyuta, ikaangalia wanakwama wapi, na GNOME 2.0 ya mwaka uliofuata ikapunguza setingi nyingi, hadi watumiaji wengine wakakasirika.

Wengine watakwambia nahodha wengi chombo huenda mrama. Mbona kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huria wa kuendesha kompyuta, imeandikwa na maelfu ya watu, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux?

Shida iko kwenye njia ambayo mabadiliko yanaingilia. Mtu analeta kipande kidogo, kinakaguliwa peke yake, kikifaa kinapokelewa. Kwa msimbo wa ndani hiyo ni kama kujenga ukuta, kila mtu na tofali lake, tofali likikaa sawa ukuta unapanda. Mwonekano ni kama kuchora uso: mpe huyu pua, yule jicho, mwingine mdomo, kila mmoja achore chake vizuri kabisa, halafu unganisha uone. Pua yenyewe haina kosa, ndio maana mkaguzi aliipitisha.

Sasa chukua ugomvi mdogo tu. Huyu anataka faili ifunguke kwenye dirisha jipya, yule anataka ifunguke hapo hapo, wote wana sababu nzuri, wote wanajitolea na hakuna bosi wa kukata shauri. Basi wanaweka kisanduku cha kutiki kwenye setingi na wote wanaondoka wameridhika. Anayelipia amani hiyo ni mgeni atakayekuja kesho akikuta visanduku 10, maana yake michanganyiko 1,024, na vikifika 20 ni zaidi ya milioni moja, nani ataijaribu yote? Hitilafu zinajificha humo. Na kukiondoa ni kazi kweli kweli, kwa sababu siku ukikiondoa anajitokeza mtu ambaye kazi zake zote zilikitegemea.

Hela ina nafasi yake, Blender ina watu wanaolipwa, ila naona kikubwa ilichonunua ni watu wenye muda na ruhusa ya kugusa uso mzima kwa pamoja. Hata programu za makampuni zinajaa vitufe pale kila idara inapoleta pua yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni GIMP, ya kuhariri picha. Zamani zana zilikuwa dirisha moja, tabaka dirisha lingine, picha la tatu, na watu waliomba viunganishwe hadi toleo la 2.8 la mwaka 2012 likaleta dirisha moja, ila likaja kama kitu cha kutiki kwenye menyu. Ilibidi isubiriwe 2.10 ya mwaka 2018 ndio programu ifunguke hivyo yenyewe, na ile tiki waliiacha pale pale.