Je, Wajua Kwa Nini Sergei Ivanov Hakuwa Rais wa Urusi?

Mwanzoni mwa mwaka 2007, watu waliofuatilia siasa za Moscow walikuwa na majina mawili midomoni walipozungumzia nani atamrithi Vladimir Putin: Sergei Ivanov na Dmitry Medvedev. Katiba haikumruhusu rais kushika madaraka kwa zaidi ya vipindi viwili mfululizo, na kipindi cha pili cha Putin kilikuwa kinamalizika Mei 2008. Wengi waliona Ivanov ndiye mwenye uzito zaidi, lakini aliyeapishwa ni Medvedev, mwanasheria asiyetokana na vyombo vya usalama.

Ivanov alizaliwa Leningrad mwaka 1953, miezi michache tu baada ya Putin kuzaliwa katika mji huohuo. Wote wawili walihitimu Chuo Kikuu cha Leningrad mwaka 1975, Putin akiwa amesoma sheria na Ivanov lugha, Kiingereza na Kiswidi, kisha wakaingia KGB, shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti, ambako walifahamiana. Wasifu wa Ivanov hutaja kazi ya ujasusi katika Finland na pia Kenya, jambo ambalo wasomaji wa Nairobi huenda hawakulitarajia.

Putin alipokuwa mkurugenzi wa idara ya usalama ya FSB mwaka 1998, alimfanya Ivanov kuwa naibu wake. Novemba 1999 Ivanov akawa Katibu wa Baraza la Usalama la Urusi, na Machi 2001 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kustaafu utumishi wa kijeshi, serikali ilimtangaza kuwa waziri wa ulinzi aliye raia, si mwanajeshi, ingawa, kwa maoni yangu, ni vigumu kumwita raia wa kawaida mtu aliyetumia zaidi ya miaka 20 katika ujasusi.

Wizara hiyo ilimpa jina kubwa, lakini pia ilimtwisha mzigo. Wakati wake ndipo ilipopitishwa sheria ya kupunguza utumishi wa lazima jeshini kutoka miaka miwili hadi mwaka mmoja kufikia 2008. Hata hivyo, desturi ya askari wakongwe kuwatesa makuruta iliendelea. Usiku wa kuamkia mwaka 2006, katika chuo cha kijeshi cha Chelyabinsk, kuruta mmoja aliteswa vibaya kiasi kwamba madaktari walilazimika kumkata miguu. Ivanov, aliyekuwa safarini Armenia habari zilipoenea, alijibu waandishi kana kwamba halikuwa jambo zito, na jibu hilo lilizua hasira kubwa nchini.

Pamoja na hayo, hakushushwa. Tangu Novemba 2005 alikuwa pia Naibu Waziri Mkuu, na Februari 2007 aliondoka wizarani na kuwa Naibu Waziri Mkuu wa Kwanza, cheo ambacho Medvedev tayari alikuwa nacho. Washindani hao wakawa sawa kwa cheo, huku televisheni zikiwaonyesha wote wawili kila siku. Dalili ya kwanza kwamba mambo yangekwenda kombo ilikuja Septemba mwaka huo, pale Putin alipohitaji waziri mkuu mpya akamteua Viktor Zubkov, mtu ambaye karibu hakuna aliyemtarajia. Tarehe 10 Desemba, viongozi wa vyama vinne walimweleza Putin kwamba wanampendekeza Medvedev, naye akaunga mkono papo hapo.

Putin hakuwahi kueleza kwa kina sababu za uamuzi wake. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba rais aliyepanga kubaki na usukani akiwa waziri mkuu alihitaji mrithi asiye na wafuasi katika jeshi na ujasusi, na Ivanov alikuwa nao, au angalau angeweza kuwapata kwa urahisi. Nguvu iliyompandisha ndiyo iliyomfanya aonekane wa kuogopwa.

Mei 2008 alishushwa na kubaki naibu waziri mkuu wa kawaida, akisimamia pamoja na mengine GLONASS, mfumo wa setilaiti za kuonyesha mahali. Desemba 2011 akarudi juu kama Mkuu wa Ofisi ya Rais, wadhifa alioushika hadi Agosti 2016, alipompisha Anton Vaino, naibu wake. Kuanzia hapo hadi 2025 alikuwa mjumbe maalumu wa rais kuhusu mazingira na uchukuzi, akijishughulisha pia na uhifadhi wa chui adimu wa Mashariki ya Mbali, kazi aliyoianza akiwa bado serikalini. Lakini wakati huo wa 2016 Putin hakumwondoa katika Baraza la Usalama.