Mchuchumio si sheria ya ofisi

Msimu wa usaili wa kazi ukifika, wateja wangu wana swali moja: "Nitafute mchuchumio wa inchi ngapi?" Kama kiatu kinawatosha au la, hawaulizi. Nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja, basi dhana zenu nazijibu zote hapa.

Dhana: Bila kisigino kirefu mwanamke hajavaa rasmi, na ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Zamani ipi? Visigino vilianza kwa wapanda farasi wa Uajemi: kisigino kilishika kwenye kikuku cha tandiko, askari akapata kusimama imara alenge mshale. Karne ya 17 wanaume wakubwa wa Ulaya wakaviiga. Tazama picha ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701. Amevaa stokingi nyeupe zilizombana hadi mapajani na viatu vyenye visigino vyekundu, na hapo ndipo yuko katika urasmi wake wote! Wanaume walikuja kuviacha karne ya 18, leo mnaniambia ni desturi ya mwanamke.

Na huko ng'ambo mnakodhani sheria hii imetoka, wanaipinga. Mwaka 2015 jijini London, Nicola Thorp, mfanyakazi wa mapokezi, alirudishwa nyumbani kwa kuripoti kazini na viatu bapa. Ombi lake kwa bunge likapata saini zaidi ya 150,000. Mwaka 2017 Ufilipino na jimbo la British Columbia, Kanada, zilikataza waajiri kulazimisha visigino virefu. Japani, Yumi Ishikawa alianzisha kampeni ya #KuToo mwaka 2019 kupinga wanawake kulazimishwa visigino kazini.

Ukivipenda, vaa. Ila kisigino kikipanda, uzito wako unahamia mbele, chini ya vidole, nako ndiko maumivu yanakoanzia. Mimi nashauri sentimita 3 hadi 5, kisigino kipana, na ukajaribu jioni mguu ukiwa umeshatanuka. Tena jaribu miguu yote miwili, kwa kuwa mara nyingi hailingani.

Dhana: Miguu bila stokingi ni utovu wa adabu.

Stokingi za nailoni zilianza kuuzwa kote Marekani tarehe 15 Mei 1940. Vita vilipoichukua nailoni kutengenezea parachuti za askari, wanawake walipaka miguu rangi na kujichorea mshono nyuma kama wa stokingi. Adabu gani hiyo ya kupaka?

Dhana: Stokingi yenye denieri kubwa ndiyo bora.

Denieri ni uzito wa uzi wa mita 9,000 kwa gramu, basi. 15 inaonyesha ngozi, 60 inaifunika.

Dhana: Stokingi yoyote inayobana hutibu vena zilizovimba.

Hapana. Za tiba hupimwa mgandamizo, hubana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda. Muone daktari, msiulizane saluni.

Dhana: Kiatu bapa hakiumizi.

Kishike kisigino na ncha, ukikunje. Kikijikunja katikati ya unyayo kama kitambaa, kirudishe rafuni. Kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia.